Disney Vacation Club au Marriott Vacation Club: ipi ina ubora, ipi inakubana kidogo?

MamaWawili_Houston

Habari za humu wakuu. Mimi na baba watoto tumeamua kuingia kwenye taimushea (unanunua haki ya kulala nyumba za likizo za kampuni kila mwaka), na tumebaki na majina mawili mezani: Disney Vacation Club na Marriott Vacation Club. Mjadala wa "taimushea zote ni utapeli" naomba tuuache, tumeshausoma mpaka tumechoka. Nataka mtu anayezitumia aniambie mambo mawili.

La kwanza ni ubora wa nyumba zenyewe: jiko, usafi, nafasi ya kulala watu sita bila kukanyagana. La pili ni uhuru. Mimi ni nesi, ratiba ya zamu inatoka kwa kuchelewa, na watoto wako shule, kwa hiyo tumefungwa na Desemba, mapumziko ya Machi na kiangazi. Orlando tunaipenda ila si kila mwaka. Halafu mama mkwe huja kutoka Tanga kututembelea, na magoti yake hayataki safari ndefu.

Baba_Columbus

Dada karibu. Sisi ni wa Disney, na kwa ubora sina neno baya. Vitu vinakarabatiwa kabla havijachakaa, na wahudumu wanajua kazi yao.

Uhuru ndiyo wenye masharti. Kila kitu ni pointi: unanunua idadi fulani, unapata hizo kila mwaka, na kila usiku unakatwa pointi zake. Unaponunua unapewa risoti moja inayohesabiwa kuwa ya kwako, na hiyo unaruhusiwa kuibuku miezi 11 kabla. Risoti nyingine zote unasubiri mpaka ibaki miezi 7. Wengi wanaolalamika kwamba Disney inabana ni wale walionunua pale penye bei nafuu, kisha kila Krismasi wanataka kulala kwingine. Desemba, ikifika miezi 7, studio za BoardWalk na Beach Club, zile unazotoka kwa miguu hadi Epcot, moja ya bustani za burudani za Disney, wenyewe wameshazimaliza. Nunua pale unapotaka kulala. Ukilishika hilo, mengine yote madogo.

Yetu iko Animal Kingdom, ambayo ina majengo mawili, Jambo House na Kidani Village. Ukichukua chumba cha upande wa savana unakunywa chai barazani, twiga anakatisha chini yako. Mama alipokuja kutoka Dodoma aliuliza kama nauli yote ile tulilipa ili tumlete Florida kuangalia twiga.

Ila kwa magoti ya mama mkwe sikushauri pale. Usafiri ni basi tu, hakuna treni wala boti, na korido za Kidani ni ndefu hata kwa kijana. Tazama Bay Lake Tower: bustani ya Magic Kingdom unaingia kwa miguu, dakika chache tu.

Kuhusu jiko: studio haina. Ina maikrowevu, friji dogo na mashine ya kahawa, basi. Kuanzia chumba kimoja kwenda juu ndiyo unapata jiko kamili, mashine ya kufua na ya kukaushia. Sufuria zipo, ila ya kupikia ugali wa watu sita haipo, na mwiko ndiyo usiutafute kabisa. Sisi tunasafiri na wetu kwenye begi.

Dallas254

Niko upande wa Marriott, kwa hivyo chukueni maneno yangu mkijua hilo.

Kwa nafasi Marriott inashinda, hasa Orlando. Nyumba ya vyumba viwili pale Grande Vista ama Cypress Harbour ni nyumba ya kuishi: jiko la kweli, meza ya kula, sebule, baraza, mashine ya kufua. Watu wanane wanalala. Disney unapata nyumba kama hiyo pia, lakini pointi zitakazokutoka utazihisi. Ubaya ni kwamba Marriott hauko ndani ya Disney. Kila asubuhi ni gari na kulipia maegesho.

Kwa uhuru, angalia ramani. Disney, ukitoa Florida na California, wana Aulani kule Hawaii na Hilton Head kule South Carolina, kisha orodha imeisha. Marriott wana Hawaii visiwa kadhaa, Colorado, Utah, Aruba, Marbella na Mallorca kule Uhispania, Phuket, hata kijiji kizima cha nyumba karibu na Disneyland ya Paris. Mwaka 2018 waliinunua ILG, kampuni nyingine ya taimushea, ikaja na risoti za Westin na Sheraton, na tangu 2022 wanaziendesha pamoja kwa mpango wanaouita Abound. Wewe umesema Orlando si kila mwaka. Hapo umeshajijibu.

Baba_Columbus

Dallas254 usimkimbize dada. Disney nao wanabadilishana kupitia Interval International, mtandao wa wenye taimushea kubadilishana likizo, tangu 2022.

Dallas254

Wanabadilishana ndiyo, lakini kubadilishana ni kuomba na kungoja. Na hiyo Interval yenyewe iko chini ya Marriott Vacations tangu 2018. Wewe unabisha hodi, sisi tuko ndani.

Baba_Columbus

Haya, hapo umenipata.

PwaniMpakaHonolulu

Nawasalimu. Ninaishi Oahu na nimelala kote kuwili, maana kwa bahati nzuri Ko Olina zipo zote mbili kwenye ufuo mmoja. Aulani ya Disney iko wangwa mmoja, Ko Olina Beach Club ya Marriott iko mwingine, na njia ya miguu ya kandokando ya maji inaziunganisha. Ukitaka kulinganisha ubora, hapa ndipo pa kulinganishia: bahari ileile, jua lilelile.

Aulani ni ya watoto. Kuna mto wa kuelea na boya, na nyumba ya watoto unawaacha humo wakichezeshwa bila malipo ya ziada, wewe ukalala chini ya mwavuli. Sanaa ya Wahawaii imejaa kila ukuta, na imefanywa kwa heshima, si mapambo ya kubandika. Makelele sasa! Kufika saa 4 asubuhi viti vya kando ya bwawa vimeshawekewa mataulo.

Kwa Marriott ni kimya zaidi, jiko kubwa zaidi, na kuna majiko ya kuchomea nyama nje. Jioni unakuta familia tatu nne zinageuza samaki na kuku, mtu anakuonjesha chake. Mwanangu wa miaka saba alitaka Aulani. Mimi na mume wangu tulitaka kwa Marriott. Umri wa watoto wako ndio utakaoamua, dada, na watoto hukua.

FunguMojaTu

Mmezungumza vitanda na sufuria, hakuna aliyegusa mkataba. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Mkataba wa Disney una mwisho. Klabu ilianza 1991, na risoti za mwanzo mwanzo, zikiwemo BoardWalk, Beach Club na Hilton Head, zinaisha tarehe 31 Januari 2042. Old Key West nayo ni 2042, ila baadhi ya wanachama waliongezewa hadi 2057. Animal Kingdom ni 2057, Bay Lake Tower 2060, Aulani 2062, Riviera 2070. Siku hiyo ikifika nyumba inarudi kwa Disney na ada ya matunzo unayolipa kila mwaka inakufa. Wengine wanaliona hilo ni kasoro. Mimi naliona ni mlango wa kutokea uliowekwa tangu siku ya kwanza.

Marriott waliingia biashara hii 1984 wakiuza wiki, wakahamia kuuza pointi 2010. Unachonunua hakina tarehe ya mwisho. Muuzaji atakwambia "watoto wako watarithi." Kweli. Ila ada ya mwaka nayo haina tarehe ya mwisho, na inapanda.

Tuhesabu ya Disney. Risoti nyingi ada inacheza takriban dola 8 hadi 10 kwa pointi. Ukiwa na pointi 150 kwa dola 9, ni dola 1,350 kila mwaka, ulale usilale, kabla hujakata tiketi ya ndege wala ya kuingia bustanini. Bei ya kununulia iweke pembeni kabisa. Na msikubali mkopo wa mezani kwa muuzaji. Riba yake mara nyingi inapita asilimia 10. Kama pesa taslimu haipo, likizo nayo isubiri.

Sasa mtumba. Pointi za Disney hushika bei vizuri zikiuzwa tena, kwa sababu kampuni ina haki ya kununua kwanza kila mkataba unaouzwa na huitumia hasa. Lakini ukinunua mtumba tangu tarehe 19 Januari 2019, risoti mpya kama Riviera huingii, na aliyenunua Riviera kwa mtumba anakaa Riviera tu. Kwa anayetaka risoti za zamani mtumba ni mali. Marriott bei ya mtumba huanguka vibaya ukilinganisha na ya kampuni. Hiyo ni nafuu kwa mnunuzi na kilio kwa muuzaji. Na wiki ya Marriott iliyonunuliwa mtumba baada ya mpango wa 2010 kwa kawaida haiingizwi kwenye pointi. Unabaki na wiki yako, risoti yako.

Kwa hiyo dada, ule uhuru wa Dallas254 ni wa aliyenunua kwa kampuni kwa bei ya kampuni. Mwambie akutajie alilipa ngapi.

Dallas254

Sitaji 😂

Mtanganyika_Leicester

Nakaa hapa nijifunze. Ila kwa wa huku Uingereza na Ulaya: sheria inakupa siku 14 za kughairi baada ya kusaini, na ndani ya siku hizo hawaruhusiwi kupokea hata senti. Akikuomba amana, ondoka.

DaktariWaMkataba

Na Marekani ni kwa jimbo. Florida siku 10, Hawaii siku 7, Nevada siku 5. Florida hizo 10 zinahesabiwa tangu ulipotia sahihi au ulipopokea hati zote, lolote lililochelewa, na huwezi kulazimishwa kuzisamehe. Barua ya kughairi ipeleke kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya mkataba, kwa posta ya rejista, ubaki na stakabadhi. Usimpigie muuzaji simu kumuaga. Kazi yake ni kukurudisha kitini.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha mauzo cha kampuni ambayo siitaji. Tuliambiwa dakika tisini, tukatoka jua linazama. Kila tukisema hapana anakuja bosi mwingine na bei nyingine. Bei inayoshuka mara tatu mezani pale pale haikuwa bei tangu mwanzo.

MamaWawili_Houston

Jamani asanteni, mmenifungua macho. Swali kwa wa Marriott: wametuambia pointi zinageuzwa kuwa za Bonvoy, zile za zawadi za hoteli za Marriott, kwa hiyo tukienda nyumbani tunalala bure Four Points ya Arusha, au JW Marriott kule Masai Mara. Ni kweli?

Dallas254

Inawezekana, ndiyo. Lakini thamani inapotea njiani, hapa sitetei timu yangu. Ada uliyolipia pointi hizo ingeweza kulipa hoteli ya Arusha ukabaki na chenji ya nyama choma. Pointi za likizo zilalie likizo. Za Bonvoy zitafute kwa kulala hotelini au kwa kadi ya benki.

Na kuhusu zamu zako: Marriott, usiku 7 au zaidi hufunguliwa mapema kuliko siku chache, na wenye daraja la juu wanatangulia. Ukiwa na pointi kidogo, Desemba utakuta mabaki.

FunguMojaTu

Nilitaka kuliuliza hilo hilo la zamu. Dada, ratiba yako unaijua lini? Kama ni wiki chache kabla, hakuna kati ya hizi mbili itakayokufaa Desemba. Zote zinawapendelea wanaopanga mwaka mzima mbele. Disney ukighairi ukiwa umebakiza siku 30 au pungufu, pointi zinaenda kwenye kapu ambalo unaruhusiwa kulitumia kwa safari za ndani ya siku 60 tu. Kuhamishia pointi mwaka unaofuata nako lazima ufanye ndani ya miezi 8 ya mwanzo ya mwaka wako wa matumizi (miezi 12 inayoanza mwezi uliotajwa kwenye mkataba wako), na zikishahamishwa hazihamishwi tena.

MamaWawili_Houston

Desemba naweza kuomba likizo tangu Januari, meneja wangu hana shida. Machi na kiangazi ndiyo kizungumkuti.

Tumekaa na baba watoto jana usiku. Naona tunaelekea Disney ya mtumba, Bay Lake Tower, pointi chache za kutosha Desemba ya mwaka mmoja mmoja, miaka mingine twende popote kwa pesa taslimu. Yeye bado anaitamani Marriott kwa ajili ya Uhispania.

PwaniMpakaHonolulu

Kabla ya kununua, kodini. Wanachama wa kote kuwili hukodisha pointi zao, na mara nyingi unalipa pungufu ya bei ya hoteli kwa chumba kilekile. Laleni Desemba moja Bay Lake Tower kwa pointi za mtu, mama mkwe akiwepo, mjue kama mnaipenda kweli. Ila someni masharti: ukikodi, fedha kwa kawaida hazirudi ukiahirisha.

Baba_Columbus

Naunga mkono. Na ukikodi mtafute mwenye mkataba wa Bay Lake Tower yenyewe, si mwenye pointi za kwingine, ili akubukie miezi 11 kabla. Dirisha linafunguka saa 2 asubuhi ya Mashariki, kwenu Houston ni saa 1. Miezi inahesabiwa tangu siku ya kuingia, na anaweza kushika hadi usiku 7 kwa mkupuo. Mpe tarehe zako Desemba hii, asije akaanza kukutafuta Januari.