Mafunzo ya farasi ya jamii hapa Lexington: mwanangu kaanguka, farasi ana kidonda, na wao wananionyesha fomu niliyosaini

Wakuu, habari za Jumapili. Naandika hasira haijanitoka bado, mtanivumilia nikiruka ruka.

Mimi niko Lexington, Kentucky, mwaka wa sita sasa. Walioko huku wanajua Waswahili tulivyo wengi, Wakongo ndo wametuzidi, na wanajua pia huu mji ni wa farasi, ukiendesha gari kidogo tu nje ya mji ni mashamba ya farasi kulia kushoto, uzio wa mbao hauishi. Lakini miaka yote hiyo sisi tunawaona farasi kupitia dirisha la gari. Ndo maana niliposikia kuna programu ya jamii ya kufundisha watu wa kawaida kupanda farasi, mzazi na mtoto wanajifunza pamoja, Jumamosi 8 kwa dola 240, nililipa siku ileile. Jina lao silitaji, waliokuwa kundi la asubuhi watajijua.

Binti yangu ana miaka 10. Mwaka jana nilimpeleka Kentucky Horse Park tukasimama kwenye kaburi la Isaac Murphy, mpanda farasi wa mbio wa zamani, nikamsimulia kwamba huyu alikuwa mtu mweusi, aliishi mji huuhuu, akashinda Kentucky Derby, zile mbio kubwa za farasi za huku, mara 3, 1884, 1890 na 1891. Na kwamba Derby ya kwanza kabisa, 1875, wapanda farasi walikuwa 15 na 13 kati yao weusi, akashinda Oliver Lewis, mweusi pia. Toka siku hiyo mtoto hana habari nyingine, ni farasi tu, daftari za shule kachora farasi mpaka kwenye jalada. Kwahiyo mjue sikwenda pale kutafuta picha za kupost.

Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Kulikuwa na dada mmoja msaidizi, mtaratibu, alitufundisha kumsogelea farasi kwa pembeni sio kwa nyuma, kupanda upande wa kushoto, kuangalia masikio, akiyalaza nyuma ujue hataki. Akatuonyesha na mkanda wa tumboni unaoshika tandiko. Alisema farasi wengi wakifungwa ule mkanda wanatunisha tumbo, ukimtembeza dakika chache anashusha pumzi mkanda unalegea, kwahiyo LAZIMA uukaze tena kabla mtu hajapanda. Nilikariri hilo. Wiki ya pili yule dada hayupo, tukabaki na kocha mmoja, watu 11, farasi 3. Piga hesabu mwenyewe. Mwanangu ndani ya saa zima alikaa juu ya farasi kama dakika saba, muda mwingine tumesimama kwenye uzio na jua letu. Nikanyamaza, nikasema ni mambo ya kuanza.

Wiki ya nne ndo nikaanza kuona vitu. Kuna farasi mmoja wa kahawia, mzee, mpole kupita kiasi, huyo ndo anapewa kila mtu asiyejua. Kila wakimfunga mkanda anageuza shingo kama anataka kuuma na mkia unapiga piga. Kocha anamkemea, anasema ana kiburi. Mama mmoja wa Kikongo tuliyekuwa naye kundi moja, kwao Kivu wamefuga ng'ombe, akainama akaangalia, akaniita, "Papa, kuya uone, hii farasi iko na kidonda." Nikainama. Wakuu, nyuma ya mguu wa mbele, palepale mkanda unapopita, pamechubuka manyoya yote, nyama nyekundu, ukubwa wa kiganja cha mtoto, na pembeni kumekauka usaha. Hapo ndo wanamfunga mkanda kila Jumamosi na kumpandisha watu, tena kuna baba mmoja mnene kweli, alipandishwa bila kuulizwa kilo, wakati yule dada wa mwanzo alituambia wenye farasi hawapendi mzigo uzidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, mtu pamoja na tandiko. Nikapiga picha. Nikamwambia kocha. Akajibu "tutaliangalia" huku anachati. Jumamosi iliyofuata mkanda uleule, kidonda kilekile, hata kitambaa laini cha kuzuia msuguano hawakuweka.

Sasa ya jana.

Zamu ya mwanangu ikafika, farasi ni yuleyule mzee. Helmeti waliyompa kifungo cha kidevuni kimevunjika, wamefunga kwa kamba ya kiatu. Nikasema hii hapana, kocha akasema mwendo ni wa polepole hakuna shida. Nikauliza mkanda umekazwa mara ya pili? Akasema ndiyo. Sikumuona akiukaza, na hapa najilaumu mpaka naandika hivi, nilitakiwa niende mwenyewe niingize vidole nione kama umekaza. Wakazunguka mara mbili kwa kutembea, halafu kocha akaamuru waende matiti, yaani farasi akimbie polepole. Hatua nne tano hivi, tandiko likaanza kwenda upande, mtoto akashika manyoya ya shingo, tandiko likazunguka lote mpaka tumboni na mtoto akaenda nalo, kichwa chini, na mguu mmoja umekwama kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, kwa sababu amevaa raba. Walituambia raba zinatosha! Kiatu chenye kisigino kipo kwa ajili hiyo, mguu usipenye.

Farasi akasimama. Mwenyewe. Tandiko linaning'inia tumboni, kidonda kinavuja, mtoto yuko chini ya miguu yake, na yeye kasimama tuli anatetemeka ngozi mpaka nikafika nikachomoa ule mguu. Kocha alikuwa katikati ya uwanja simu mkononi. Angekuwa farasi mwingine akakurupuka na kupiga shoti, leo ningekuwa naandika tanzia.

Mtoto mzima, kifundo kimevimba na bega limechubuka, hospitali wamesema hajavunjika. Ila helmeti imegonga chini, na helmeti iliyogonga hairudiwi kuvaliwa, inatupwa. Nimekaa pale nambembeleza mwanangu naona kwa macho yangu wanamvalisha helmeti ileile mtoto mwingine wa kiume.

Nikaenda ofisini. Jibu: ulisaini fomu. Wakaninyooshea kidole bango la ukutani linalosema kwa sheria ya Kentucky anayeshiriki shughuli za wanyama wa shambani anabeba hatari zake. Nimeisoma hiyo sheria usiku, yote. Hatari za asili za mnyama ndiyo, farasi kushtuka, kuteleza. Lakini sheria hiyohiyo haimkingi aliyekupa vifaa vibovu naye alijua au alipaswa kujua. Mimi niliwaambia kwa mdomo wangu, wiki mbili, na picha nikawaonyesha. Wamekataa hata kurudisha hela za Jumamosi zilizobaki, wanasema "nafasi yako ipo, mje tu".

Hela wakae nazo wakitaka. Ninachotaka yule farasi aonwe na daktari wa mifugo na apumzishwe mpaka kidonda kipone, helmeti zote mbovu zitoke pale, na mtoto yeyote asipandishwe mpaka mtu mzima mwingine amekagua mkanda mbele ya mzazi. Binti yangu jana usiku hakuulizia mguu wake, ameniuliza mara mbili kama farasi wamempaka dawa.

Kama ulikuwa kundi la asubuhi na uliona, au una picha, niandikie inbox. Kesho asubuhi napiga simu kwa wanaosimamia wanyama hapa kaunti, na anayejua wakili wa mambo ya majeruhi anayeongea Kiswahili hapa Lexington au Louisville anielekeze.