Msaada: flashi inanigeuzia bibi harusi kuwa bluu ukumbini

Kijana wa Kirumba:
Wakuu, habari za majukumu. Jumamosi nilikuwa na kazi ya sendofu Nyakato. Ukumbi una taa za njano, nikaona isiwe tabu, nikaweka waiti balansi (ile sehemu ya kamera ya kusawazisha rangi ya mwanga) kwenye alama ya balbu, nikachomeka flashi, kazi ikaanza. Kuja kutazama kwenye kioo cha kamera, bibi harusi wa bluu kama katolewa kwenye barafu pamoja na sangara. Nikahamia oto, kamera ijichagulie rangi yenyewe, ndiyo balaa zaidi: picha hii njano, inayofuata baridi, gauni lile lile. Juzi mama mtu kanipigia: "Mwanangu ulimpaka nini?" Na nusu ya hela yangu bado iko kwao. Nakosea wapi?

Mzee wa Sangara:
Pole mdogo wangu. Alama ya balbu inaiambia kamera kwamba mwanga wote ni wa njano, kama 3200K hivi (K ni Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), kwa hiyo inatia bluu ili kuufuta unjano. Sasa aliyemulika uso wa binti si balbu, ni flashi yako, na flashi iko karibu na jua la mchana, kama 5500K. Bluu ikamwagwa pasipo na njano ya kufuta. Weka alama ya radi, ile ya flashi, au andika 5500K mwenyewe, usiguse tena. Ulikuwa spidi gani ya shata, yaani kamera ilifunguka kwa muda gani?

Kijana wa Kirumba:
Shikamoo mzee. 1/60 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600.

Mzee wa Sangara:
Marahaba. Basi ukiweka radi uso utakaa sawa, ila ukuta wa nyuma utabaki wa machungwa. Flashi haifiki kule, na 1/60 ni taratibu, inakaribisha taa za ukumbi. Panda 1/200, shusha ISO, nyuma itaingia giza na unjano wake. Mimi huuacha kidogo. Sendofu isiyo na joto la taa inafanana na picha za pasipoti.

Fundi Lenzi:
Mnamchosha bure. Apige RAW, lile faili ghafi ambalo kamera haijalipika, atarekebisha nyumbani.

Binti Ukerewe:
RAW apige, sikatai. Lakini kwenye kompyuta ukisogeza rangi inahama picha nzima: uso ukipona, ukuta unaugua. Kaka, tafuta jeli ya machungwa, ile karatasi ya plastiki inayoitwa CTO, uifunge mbele ya flashi. Flashi nayo inakuwa njano kama taa za ukumbi, halafu ile alama yako ya balbu ndiyo inakuwa sahihi. Mwanga utapungua kiasi, ongeza nguvu ya flashi. Usifanye kama mimi nilipoanza: nilifunga karatasi ya pipi, harusi nzima ikatoka kama imekaangwa na mawese.

Halafu, dari lilikuwa na vitambaa?

Kijana wa Kirumba:
Zambarau, dari zima! Na flashi niliielekeza juu ili mwanga urudi laini.

Binti Ukerewe:
Ukarudi na zambarau yake. Ndiyo maana hata oto ilichanganyikiwa. Siku nyingine geuzia flashi kwenye ukuta mweupe nyuma yako. Kama haupo, mmulike moja kwa moja na kisambaza mwanga. Taa za DJ za bluu na waridi usishindane nazo, subiri zizunguke zipite.

Kijana wa Kirumba:
Nimejaribu sasa hivi sebuleni, mdogo wangu kakaa chini ya balbu kashika karatasi nyeupe. Radi na 1/60: uso safi, pazia la nyuma njano. 1/200: pazia karibu lipotee. Jeli nitaulizia mjini kesho. Sasa zile za sendofu nilipiga JPEG, faili ambalo kamera imeshalipika, siyo RAW. Kuna namna?

Mzee wa Sangara:
Ipo, kwa jasho. Chagua ishirini nzuri, kila moja tafuta kitu cheupe, hata kitambaa cha meza, uanzie hapo. Zitakazogoma zifanye nyeusi na nyeupe. Mama mtu mwambie ndiyo mtindo.