Mrejesho: Windhoek hadi Cape Town kwa gari, siku sita za mwisho

Wakuu, niliomba ushauri wa kumalizia safari yetu iliyoanzia Dar. Tumefika Cape Town salama, asanteni sana.

Aliyesema tupige hema ndani ya geti la Sesriem, lango la kuingilia vilima vya mchanga vya jangwa la Namib kule Namibia, Mungu akubariki. Geti la ndani hufunguliwa mapema kuliko la nje, hivyo jua lilichomoza tukiwa juu ya Dune 45, kimojawapo cha vilima hivyo. Mke wangu alilia, na mimi nilikaribia.

Kupunguza upepo matairini kulisaidia sana kwenye changarawe, ingawa pancha moja tulipata karibu na Solitaire. Kwenye mchanga wa kilomita tano za mwisho kuelekea Deadvlei, bonde kavu lenye miti iliyokufa, haikutosha: tulinasa, tukavutwa na wasamaria. Kama hujazoea mchanga, acha gari pale lami inapoishia, panda magari ya kukodi ya pale.

Fish River Canyon, lile korongo kubwa la kusini mwa Namibia, tuliikosa, inaniuma bado. Tulichelewa, na mlinionya nisiendeshe usiku kwa sababu ya tandala barabarani. Nilitii, tukalala Keetmanshoop. Kesho yake tulivuka mto Orange, mpaka wa Namibia na Afrika Kusini, pale Noordoewer, tukashuka na barabara kuu ya N7 hadi Cape Town.