Nitumie herufi gani kwenye kamera usiku wa kupamba?

BintiKibokoni
Assalam aleikum nyote. Nina Canon ya mtumba na lenzi ya 18-55, imeandikwa 3.5-5.6. Mwezi ujao binti wa mamangu mdogo anaolewa, na usiku wa kupamba mwanamume haingii, basi picha nimeachiwa mimi. Jumamosi nilijaribu kwenye arusi ya jirani, ukumbini Tudor. Niliweka Auto. Flashi ikawa yajifyatua yenyewe, uso wa bibi arusi ukatoka mweupe kama unga, na hina iliyochorwa mchana kutwa haionekani. Nikaizima, wachezaji wote wakawa moshi. Kwenye gurudumu la juu naona P, Tv, Av na M. Nielezeni, tafadhali.

KijanaLikoni
Anza na M moja kwa moja, dada. Hizo nyingine zitakudekeza.

MamaPicha
Waaleikum salaam, mwanangu. Kijana wa Likoni simkubalii. Ukumbini mtu hakungoji usome namba. Ukimkosa mama mtu akimfunua mwanawe, umemkosa.

Nuru unaipima kwa vitu vitatu: upana wa tundu la lenzi, muda linaokaa wazi, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuihisi nuru. Ukiweka Av, tundu waamua wewe, muda yautafuta kamera. Tv ni kinyume chake. P yakuamulia vyote viwili, ila flashi haijifyatui bila ruhusa yako. M ni wewe mwenyewe kwa kila kitu. Wenye Nikon wataona A na S badala ya Av na Tv, kazi ni ileile.

Hina ipige kwa Av. Shusha namba ya f mpaka mwisho, maana namba ndogo ndiyo tundu kubwa. Lakini lenzi yako ukiivuta hadi 55 tundu lajibana mpaka 5.6, na nuru yapungua zaidi ya nusu. Kwa hivyo usivute, sogea wewe. Muombe bibi arusi aweke mikono mapajani, ISO 1600, kisha tazama muda. Ukiwa mrefu kuliko 1/60 ya sekunde, panda ISO 3200. Chembechembe kidogo hazimuudhi mtu, ukungu ndio humliza.

Wakianza chakacha, geuza Tv, 1/200. Namba ya f ikipepesa, kamera yakwambia nuru haitoshi, ongeza ISO. Ukiona mistari ya giza imekata picha, ni zile taa za LED za bei rahisi: umeme wetu ni wa 50Hz, taa zapepesa mara 100 kwa sekunde. Shuka 1/100, mistari yatulia.

Na jambo moja nalisema kwa uchungu: picha za kupamba ni amana. Wale wamevua buibui kwa kuwa wameaminiana. Kadi usimkopeshe mtu, na usirushe hata moja kwenye simu bila idhini ya mwenyewe.

KijanaLikoni
Sawa, mama, kwa ukumbini nimekubali. M basi aitumie wapi?

MamaPicha
Hapohapo, bibi arusi akishapanda jukwaani. Taa za pale hazibadiliki, wanaobadilika ni watu. Akija bibi wa buibui jeusi kupiga naye picha, kamera yadhani kuna giza, yaongeza nuru, na bibi arusi aungua kwa weupe pichani. Akija wa gauni jeupe, yapunguza. Ukiwa kwenye M umeshapima uso wa bibi arusi mara moja, anayekuja na aje.

BintiKibokoni
Jana alasiri nimekwenda nyuma ya Fort Jesus, watoto walikuwa wakijirusha baharini. Tv, 1/1000. Mmoja nimempata yuko hewani, miguu imekunjwa, na matone yanayomtoka nywelani yahesabika! Usiku nikamkalisha dada yangu sebuleni, taa moja tu, Av, 3.5, ISO 1600. Ua la hina kwenye kiganja limetoka vizuri mpaka mishipa ya jani, lakini vidole vimefifia. Muda ulikuwa 1/60. Nimetikisika mimi?

MamaPicha
La, ungetikisika wewe, na ua lingefifia. Ulikuwa karibu mno, na tundu kubwa hunoa sehemu nyembamba tu. Panda 5.6, ISO 4000, na mwambie akilaze kiganja kikutazame sawasawa. Nitumie picha ukimaliza, za dada yako tu, akikubali.