Nyumba ya ukoo wa Nomura, Kanazawa: saa moja inatosha?

Swali
Ndugu zangu, mwezi ujao tutapita Kanazawa, Japani, pamoja na mama mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Nimepanga tuione nyumba ya ukoo wa Nomura katika Nagamachi, mtaa wa zamani wa masamurai, na kwa kuwa pichani bustani yake inaonekana ndogo mno, nimetenga saa moja tu. Je, muda huo unatosha, na mama ataweza kuizunguka?

Jibu la 1
Ndugu, bustani ile haizungukwi. Hutazamwa kutoka barazani. Viatu huvuliwa mlangoni, kwa hiyo mbebee mama soksi nzito. Mwache aketi ukingoni mwa baraza, maana maji yanafika karibu kabisa na mbao, koi, samaki wa rangi wanaofugwa kwa mapambo, wanapita chini ya miguu, na ukiwa umeketi, taa za mawe zinazoonekana fupi unaposimama zinapanda mbele ya macho yako na kidimbwi kinapata kina. Chumba cha chai kiko juu, na ngazi ya mawe ya kukifikia si rafiki wa magoti.

Jibu la 2
Niongeze jambo ambalo wageni wengi hulipita. Nomura Denbei alimtumikia Maeda Toshiie, bwana wa Kaga, jimbo ambalo makao yake yalikuwa Kanazawa, na ukoo wake ukalipwa zaidi ya koku 1,000 za mchele, koku moja ikihesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa mwaka. Majimbo ya mabwana yalipofutwa mwaka 1871, malipo hayo yakawa mzigo wa serikali kuu hadi ilipoyafuta mwaka 1876, na kiwanja kikamegwa. Chumba cha fahari mtakachokistaajabia kilihamishwa kutoka nyumba ya tajiri mmoja wa kijiji cha Hashidate. Cha zamani hasa ni kuta za udongo na sehemu ya bustani.

Jibu la 3
Anayetaka kutembea ndani ya bustani aende Chiran, mkoani Kagoshima, ingawa ni mbali sana na Kanazawa. Ziko bustani 7 za nyumba za masamurai zilizowekwa chini ya hifadhi ya taifa mwaka 1981. 6 ni za mawe na mchanga, moja tu ina kidimbwi. Huko bado kuna familia zinazoishi, kwa hiyo mgeni huishia bustanini.

Muulizaji
Nashukuru sana. Nimeongeza saa moja. Mama anauliza kama samaki wale huliwa.