Monsta wa toleo la 2 kuwaleta toleo la 5, hesabu yangu imekataa

Section58
Habari zenu wadau. Niko Nakuru, tuko watu watano na Jumapili mchana tunacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu, kwa sebule ya dada yangu. Mjomba aliniachia vitabu vyake vya toleo la 2, lile la 1989, na nimevipenda sana juu kila monsta ameelezwa anaishi wapi, anakula nini, anatembea na nani. Sasa sisi tunacheza la 5. Nikachukua ogre (zimwi) wawili nikafanya ile hesabu kila mtu husema, 20 toa AC (kinga) ya zamani, 20 toa THAC0 (namba ya dadu anayohitaji kumgonga mwenye AC 0). Kila mmoja alikuwa na AC 5 na THAC0 17 kwa hivyo akawa AC 15 na bonasi ya +3 ya kugonga, HP (uhai wake) nikamwachia 19. Wachezaji wako levo ya 3. Ogre wa kwanza amekufa hata zamu yake haijafika, wa pili akarusha dadu mara tatu zote akakosa maanake paladini wetu (shujaa wa kidini) ana AC 18. Hiyo vita nilikuwa nimeiandaa wiki mzima manze. Nimekosea wapi?

Dunga_DM
Omera hesabu yako iko sawa, ila hiyo ni ya kukupeleka toleo la 3. Hilo la 2000 ndilo liligeuza AC ikaanza kupanda badala ya kushuka na hapo kutoa kwenye 20 kunakubali vizuri. La 5 (2014) walifanya kitu kingine kabisa, AC na bonasi wakazizuia zisipande sana halafu nguvu ya monsta wakaiweka kwa HP na kwa kipigo chake. Angalia ogre wao mwenyewe: AC 11, HP 59, anagonga na +6, rungu lake 2d8+4 (dadu mbili za pande nane ukiongeza 4) yaani wastani wa 13. AC imeshuka kuliko yako na HP imezidi mara tatu! Huyo wako wa +3 akimpiga mtu wa AC 18 anahitaji 15 kwenda juu kwa dadu ya pande 20, hiyo ni asilimia 30. Wa +6 anahitaji 12, asilimia 45, na akikupata unaisikia.
HP pia, zamani kila monsta alirushiwa d8. Sikuhizi ni ukubwa wa mwili ndio unaamua, wa kimo cha mtu d8, mkubwa kama ogre d10, mkubwa zaidi d12, na kwa kila dadu unaongeza bonasi ya Con (uimara wa mwili). Ndio ogre ni 7d10+21.
Mimi kabla sijaandika namba yoyote huangalia SRD 5.1 (hati rasmi ya sheria za la 5), ni ya bure na Januari 2023 iliwekwa leseni ya Creative Commons, natafuta ndugu yake wa karibu nabadilisha kidogo.

Shinyalu_Usiku
Dunga amesema vizuri lakini naongeza, hizo namba si ndio monsta. Nyanya yangu akitusimulia linani, zimwi la hadithi za Kiluhya, hakuna siku alisema ana HP ngapi, alisema anapenda watoto waliobaki nyuma njiani, na mpaka leo nikipita msitu wa Kakamega jioni natembea katikati ya wenzangu. Hicho ndicho unatafuta kwa kile kitabu cha mjomba. Mimi ogre nawaita linani kwa meza yangu, nimeacha namba za la 5 vile ziko, ila kila raundi wanamfuata yule amejitenga. Hiyo moja imefanya wachezaji wangu waanze kutembea pamoja.

Kete_Kondele
Hapo kwa woga mimi nina neno. Wight (maiti anayetembea) wa zamani akikugusa unapoteza levo nzima, imeenda, miezi ya kucheza. Wa la 5 unarusha dadu ya Con ufikishe 13 (DC 13), ukishindwa HP yako ya juu inapungua, na ukilala usiku mzima inarudi. Watu wangu hawakumwogopa hata kidogo. Levo sikurudisha, kumnyang'anya mtu kazi ya miezi sita naona si haki, ila nilisema hiyo HP hairudi kwa kulala, mpaka mtafute kuhani. Na fedha, yaani silver: zamani silaha ya kawaida isiyo ya fedha haikumdhuru kabisa, sasa inafanya nusu. Nikarudisha ya zamani lakini nikawaonyesha mapema, kwa kijiji walikopita kila mlango umepigiliwa kijiko cha fedha.

Section58
Asanteni sana, hicho kijiko nakichukua. Jumapili narudia na ogre wawili wa HP 59, na nimesoma troli (jitu linalojiponya), wa zamani alikuwa anapona HP 3 kwa raundi na raundi yenyewe ilikuwa dakika nzima, wa sasa 10 kwa sekunde 6?? Nimuache hivyo kwa watu wa levo ya 3?

Dunga_DM
Ana HP 84, mweke mmoja tu, na usimlete kama hawana moto wala asidi, hivyo ndivyo humzuia kupona. Wape mafuta ya taa sesheni ya kabla.