Mlango uliochongwa na mashine, ni mlango wa Lamu?

Bint Langoni
Assalaam aleikum wana Amu, na majirani wa Malindi. Juzi boti imeshusha milango miwili gatini, inakwenda hoteli moja huko Shela. Nakshi zake zimechorwa na akili mnemba. Kijana aliiandikia tu simuni, "mlango wa Lamu, maua na mnyororo", mchoro ukatiwa kwenye mashine ya kuchongea ya kompyuta Mombasa, basi. Ubao ni mbambakofi kweli, hapo hawakudanganya. Lakini wageni wataambiwa ni kazi ya mafundi wa Lamu. Nauliza bila matusi: tukiikataa, tunakataa mashine au tunakataa uongo?

Kijana wa Maweni
Dada, mimi niko Malindi na uchongaji ndio unga wangu. Mlango wa mkono unakula wiki na wiki, mteja anautaka kabla ya Krismasi. Mashine inaumaliza kwa siku chache. Mnataka tule nakshi? Na hao mafundi wenu wa siku hizi wana randa za umeme, ila mgeni akija na kamera haooo, patasi mkononi na jasho la kujipaka.

Fundi wa Mkomani
Jasho la kujipaka ni mimi huyo, nimekuona. Randa ya umeme ninayo na sijaificha chini ya kitanda. Inalainisha ubao, haichori. Anayechora ni mimi, na penseli na bikari aliyoniachia baba. Milango hiyo nimeitazama pale gatini kabla haijapakiwa punda. Kisu cha mashine huzunguka, kwa hivyo pembe ya ndani ya jani huiacha mviringo, mpaka mtu aimalize kwa patasi. Pale hakuna aliyemaliza. Pembe zote kama zimelambwa na mbuzi. Halafu mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango: juu maua saba, chini sita na nusu. Na nusu! Ua limekatwa kama mkate wa mofa.

Kijana wa Maweni
Mzee, mgeni gani anahesabu maua?

Fundi wa Mkomani
Baba yangu alikuwa akihesabu.

Mwalimu Mstaafu
Kabla hamjaenda mbali, tusafishe lugha. Hiyo "akili mnemba" imetoka wapi? Mnemba niijuayo mimi ni kisiwa cha Unguja, watu huenda kupiga mbizi. Kwetu ni akili unde, ya kuundwa, kama jahazi linavyoundwa Matondoni. Kisiwa hiki ndicho kilichomzaa mzee Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi aliyetupa neno runinga kwa kuunga rununu na maninga. Leo tunaazima maneno ng'ambo ya mpaka!

Mtanga Asiyerudi
Mwalimu, hapo umenigusa. Nimeishi Malindi miaka kumi na moja na bado naitwa wa ng'ambo. Tanzania nzima inasema akili mnemba na watu wanaelewana. Hiyo "unde" ukimwambia mama yangu atadhani umeishia katikati ya neno.

Mwalimu Mstaafu
Mama yako namheshimu, lakini hajaunda jahazi.

Mtanga Asiyerudi
Na wewe umeunda?

Kijana wa Maweni
😂 Mwalimu jibu. Halafu kwa taarifa yenu, hiyo akili, unde au mnemba, inajua Kiamu, Kiswahili chenu cha Lamu, kuliko vijana wenu wa bodaboda. Jana nimeiomba mstari wa kuandika mlangoni, ikaniletea: "Karibu muyi wa Amu, macho yako yapumzike nchi hii."

Bint Langoni
Macho? Nchi? Kwetu ni mato, na nti. Imeshika "muyi" peke yake ikakimbia nayo.

Mama wa Watatu
Kaka wa Malindi, ukitaka Kiamu muulize nyanyangu, hatumii bando.

Kijana wa Maweni
Nyanya yako hajibu saa saba za usiku.

Fundi wa Mkomani
Huyu hata mto wa Sabaki hajavuka kuja huku, anatufunza kusema.

Kijana wa Maweni
Nimevuka mzee. Nimekuja Maulidi mara nne, na mara moja nikakununulia chai. Umesahau kwa sababu ulikuwa unapigwa picha.

Msomaji Kimya
Ningependa turudi kwa swali la dada. Kuna sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Na Mji wa Kale umo katika orodha ya UNESCO tangu 1998 kama sikosei. Kwani hakuna wa kushtaki?

Mwalimu Mstaafu
2001.

Mama wa Watatu
Sheria ipo, nauli ya wakili haipo. Picha za milango yetu wageni wamezipiga miaka hamsini, leo mashine imejifunzia humo humo, na hakuna nyumba iliyobishwa hodi kuombwa ruhusa. Mlango ni wetu, funguo wanazo wao.

Bint Langoni
Mmebishana juu ya unde na mnemba mpaka hamjaniuliza kizingiti cha juu kina nini. Kina maandishi. Nimempelekea picha ami yangu anayefundisha madrasa. Ameigeuza simu, ameikuza, ameivalia miwani. Anasema kwa mbali ni Bismillahi, ukikaribia hakuna hata neno moja. Ni mikia ya herufi tu. Na wageni watapita chini yake wakiambiwa ni dua.

Mtanga Asiyerudi
Astaghfirullah. Hilo si la kucheka.

Kijana wa Maweni
Hapo dada sina la kusema. Maandishi ningempa mtu ayasome kwanza. Mimi mwenyewe Kiarabu nasoma kwa kuvuta.

Mama wa Watatu
Wenye hoteli wameambiwa?

Fundi wa Mkomani
Wamenipigia leo baada ya alasiri. Wanataka niparure maandishi, niandike upya, na pembe nizitie patasi zote. Nimewatajia bei. Wamesema mbona ni karibu sawa na mlango mpya.

Kijana wa Maweni
Mzee, ukihitaji msaidizi, boti ya kesho naiwahi.

Mwalimu Mstaafu
Neno lenyewe lakini ni unde.